Upepo wa Kititimo si Upepo wa Uani Kwangu

4 Machi 2023

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya maneno ya mteja. Alikuja kuchukua mashudu ya ng'ombe wake, akasimama uani ameshika kofia isipeperuke, akasema: "Mzee, upepo wote huu unamwachia nani? Weka pangaboi, uachane na LUKU." Hapa Singida hakuna mwenye mashine ambaye hajaambiwa hivyo. Upepo unatuezulia mabati, unatujaza vumbi machoni, basi angalau utulipie umeme.

Kiwanda ni neno kubwa kwa hiki nilichonacho. Ni banda lenye mashine moja ya kukamulia alizeti, mota yake kilowati 15, mashine ya kubangulia yenye mota ya 5.5, pampu ya chujio, taa, na friji la soda ambazo mke wangu anawauzia wakulima wanaosubiri zamu. Tunakamua kweli kweli Juni hadi Oktoba, mbegu zikishuka kutoka mashambani. Miezi mingine ni gunia mbili tatu kwa siku, na siku nyingine mashine inalala.

Leo nimekaa na simu nikanakili meseji zote za kununua umeme wa LUKU za miezi 12. Mwezi wa msimu unakula kama uniti 2,640, yaani 110 kwa siku ya kazi, siku 24. Mwezi wa nje ya msimu, kama 600. Jumla ya mwaka: uniti 17,400. Mimi niko daraja la T1, uniti shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356.24. Mwaka wangu wa umeme basi ni shilingi milioni 6.2, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo humo.

Hizi nimeziandika kabla sijauliza bei ya mtambo wowote. Nimeshawahi kununua kitu kwanza, sababu nikaitafuta baadaye. Jenereta ya dizeli iliyolala kona ya banda ni shahidi.

12 Machi

Nimepata matangazo mawili. La kwanza ni mtambo wa kusimama wima, mfano wa pipa lililopasuliwa, urefu mita 2, upana mita 2. Muuzaji anasema kilowati 10, na unafungwa juu ya paa. La pili ni la mabawa matatu, kipenyo mita 3.2, kilowati 3 upepo ukifika mita 12 kwa sekunde.

Kabla ya kuwapigia nimefanya hesabu ambayo mwalimu yeyote wa fizikia wa sekondari angeifanya ubaoni. Nguvu iliyomo ndani ya upepo ni nusu ya uzito wa hewa, mara eneo linalofagiwa na mabawa, mara kasi, mara kasi, mara kasi. Kasi inaingia mara tatu. Hapo ndipo biashara yote ilipo.

La kwanza: eneo ni mita za mraba 4. Kwenye upepo wa 12, usawa wa bahari ambako mita ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225, nguvu yote inayopita mle ni wati 4,234. Yote, hata ungeunyonya upepo mpaka usimame. Na upepo hauwezi kusimama, lazima utoke upande wa pili upishe mwingine. Mjerumani Albert Betz alishathibitisha mwaka 1919 kwamba mtambo hauwezi kutoa zaidi ya asilimia 59.3. Kwa hiyo hata malaika akiutengeneza, mtambo ule hautapita wati 2,511. Yeye anauza kilowati 10. Nimemwandikia ujumbe kwa adabu nikimuuliza zile nyingine 7.5 zinatoka wapi. Amenijibu kwa picha ya mteja anayetabasamu.

La pili si uongo. Mita za mraba 8.04, nguvu iliyomo ni wati 8,500 na ushee, wao wanadai 3,000, yaani asilimia 35. Inawezekana, usawa wa bahari. Ila sisi huku tuko kama mita 1,500 juu, na hewa yetu ni nyepesi, kilo 1 hivi kwa mita ya ujazo. Upungufu wa asilimia 18. Zile 3,000 zinakuwa 2,450 kabla hatujafungua hata boksi. Na upepo ukiwa 6 badala ya 12, usidhani unapata nusu. Unapata sehemu moja ya nane: wati 300 hivi. Hizo haziwashi hata pasi.

Nimemsomea mke wangu hesabu hii. Akasema, "Sasa si unajua jibu?" Sijui bado. Najua mtambo. Upepo siujui.

19 Machi

Kila anayezungumzia upepo wa Singida anaitaja Kititimo, hapa hapa mjini kwetu. Ni kweli, vipimo vilifanywa pale miaka mingi iliyopita, na takwimu inayorudiwa kwenye machapisho ya serikali ni wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, kwenye urefu wa mita 30. Makambako, kule Njombe, ni 8.9. Ni upepo wa kutamaniwa popote duniani. Ndiyo maana mipango ya mashamba makubwa ya upepo imekuwa ikizungushwa kuhusu mkoa huu kwa miaka.

Lakini Kititimo ni Kititimo. Kwangu ni bondeni kidogo, upande wa mashariki kuna majabali yale yetu ya Singida, kisha mstari wa miarobaini ya jirani na mkaratusi mmoja mrefu kuliko busara. Na upepo wetu mkubwa unatoka huko huko mashariki.

Nilipokuwa Nairobi miaka ile niliwahi kumsikia fundi akielezea mradi wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ya kilowati 850 mmoja, megawati 310 kwa jumla. Kilichonikaa kichwani ni sababu ya kuwa pale: upepo unabanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, unapita kama maji kwenye mfereji. Hawakuchagua Kenya, walichagua mlango. Mimi nami sikuchagua kiwanja hiki kwa ajili ya upepo. Nilikichagua kwa sababu kiko karibu na barabara na nguzo ya umeme ilikuwa tayari.

1 Aprili

Nguzo imesimama. Mabomba ya maji ya inchi mbili yameunganishwa mpaka mita 10, kitako kina bawaba ili niweze kuilaza bila kumpandisha mtu, na waya nne za kuishikilia zimefungwa kwenye nondo zilizozamishwa kwenye zege. Juu kuna kipima upepo, vile vikombe vitatu vinavyozunguka, na chini kisanduku kinachoandika wastani wa kila dakika 10 kwenye kadi ya memori. Vyote pamoja na fundi wa kuchomelea: shilingi 610,000. Shemeji yangu amesema ningenunua mbuzi.

Siku ya Sikukuu ya Wajinga, nguzo isiyobeba chochote katikati ya uwanja. Nimejibu maswali yote niliyoulizwa.

3 Aprili

Leo nimefunga tepe nyekundu za plastiki kwenye nguzo, mita 3, mita 6 na mita 9, kila moja urefu wa mkono. Hii ni shilingi 500 na imenifundisha kuliko kisanduku cha laki nne.

Tepe ya chini inazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake. Dakika moja inaelekea barabarani, dakika ya pili inajisokota kwenye bomba. Ya kati inapigapiga. Ya juu inanyooka, inalegea, inanyooka. Hakuna hata moja inayotulia upande mmoja kama bendera. Huo ni upepo uliovunjwa na majabali na miti, na upepo uliovunjwa hauzungushi mabawa, unayatikisa. Kanuni wanayoifuata mafundi ni kwamba bawa liwe angalau mita 9 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 150 hivi. Mkaratusi wa jirani peke yake unanipeleka mita 25 na zaidi.

Yule wa mtambo wa kwenye paa angenifungia mahali ambapo tepe ya kwanza inacheza. Pia angenifungia kitu kinachotetemeka juu ya mabati ya geji 30, halafu nilale humo ndani.

30 Aprili

Mwezi wa kwanza wa kupima: wastani wa mita 3.4 kwa sekunde. Nimehuzunika, nikajikumbusha kwamba ni mwezi wa mvua na upepo wetu ni wa kiangazi.

17 Juni

Mei imetoa 4.1. Sasa upepo umeanza kuwa ule tunaoujua, wa kuvuma usiku kucha na kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika.

Ila nimepata hasara ya kijinga. Betri ya kisanduku iliisha tarehe 5, sikuangalia, siku tisa hazipo. Jana kisulisuli kimepita uani mchana, kimebeba magunia matupu mpaka kwa jirani, na wateja wakashangilia kwamba pangaboi langu lingekimbia kweli. Nimeangalia kadi: dakika kumi zile wastani wake ni 6.2. Kisulisuli kilidumu pengine sekunde arobaini. Macho yanakumbuka sekunde arobaini, kadi inakumbuka dakika kumi nzima. Hiki ndicho kinachotudanganya wengi wetu. Tunaupima upepo kwa siku ulipoezua paa.

5 Agosti

Juni 4.8 (kwa siku zilizopo), Julai 5.2. Msimu umepamba moto, gunia zimepangwa mpaka nje.

Nimeanza kuangalia saa. Upepo unaamka kama saa tatu asubuhi, unalegea kidogo adhuhuri, kisha unapanda jioni na kuvuma kwa nguvu hadi baada ya saa sita usiku. Mashine yangu inaanza saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Sehemu kubwa ya upepo mzuri inapita mimi nimeshafunga kufuli. Usiku kuna friji na taa mbili za ulinzi tu.

Kijana wa mashine ameniuliza, "Bosi, si tuhamie zamu ya usiku?" Amesema kwa mzaha, lakini nimelifikiria kwa dakika nzima. Mkulima aliyetoka Ilongero na gunia nne hawezi kuambiwa arudi saa nne usiku.

12 Agosti

Kazi ya leo haihusiani na upepo, nami ndiyo ninayoitukuza kuliko zote.

Fundi umeme alikuja kukagua swichi ya kuwashia mota ya kilowati 15 (ile ya nyota-delta, inatoa cheche). Kwa kuwa alikuwa na kipima ampea cha kubana waya, nikamwomba apime kila kitu. Mashine ya kubangulia ikizunguka tupu, bila mbegu hata moja, inakula karibu kilowati mbili. Na vijana huiacha inazunguka wakati wanabadilisha gunia, wanapopiga soga, wanapokwenda kula. Kwenye mashine kubwa mikanda mitatu ilikuwa imelegea na kung'aa kama kiatu cha askari, inateleza, mota inasukuma hewa. Beringi moja ya shafti inaunguza mkono.

Mikanda mipya, beringi, grisi na ufundi: shilingi 180,000. Na amri moja: mbegu zikiisha kwenye bakuli, zima.

26 Agosti

Wiki mbili baadaye. Siku ya kazi imeshuka kutoka uniti 110 hadi 97, kwa gunia zile zile. Nilihesabu mara tatu. Uniti 13 kwa siku, msimu una siku 120 za kazi, hizo ni uniti 1,560. Shilingi 555,000 na ushee kwa mwaka.

Nimeizungushia duara. Itanirudia mbele.

24 Septemba

Leo Jumapili nimekaa na hesabu yenyewe. Agosti ilitoa 5.4, na Septemba mpaka sasa ni 5.5, pengine ndicho kilele.

Ukichukua miezi yote niliyopima unapata 4.7. Miezi ya Desemba hadi Machi ni mipole, kwa hiyo mwaka mzima nimeupa 4.6, na hapo nimeuonea mtambo huruma. Hiyo ni kwenye mita 10. Nikiinua mnara mpaka mita 18 upepo unaongezeka. Kwa mahali penye miti na majabali kama hapa, hesabu inanipa kama 5.3. Mita 30, kama 6.

Kumbuka 9.9 ya Kititimo, nayo ni mita 30. Kati ya 6 na 9.9 mtu anaona tofauti ndogo, hata mara mbili haifiki. Lakini kasi inaingia mara tatu: upepo wa pale una nguvu zaidi ya mara nne ya huu wangu. Tuko mji mmoja, tunakula vumbi moja.

Mtambo wa mita 3.2, mnara wa mita 18, hewa yetu nyepesi, na robo ya nguvu ya upepo ikifika kwenye waya baada ya hasara za mabawa, jenereta na inveta: kama uniti 2,200 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 12 hadi 13 ya ninachotumia.

Gharama, kwa bei nilizopewa:
Mtambo na kontrola, 6,800,000.
Inveta, 2,100,000.
Mnara, waya za kushikilia, zege, 4,900,000.
Waya wa chini ya ardhi, erthi, kinga ya radi, 1,300,000.
Usafiri na ufundi, 900,000.
Jumla milioni 16. Mtambo wenyewe ni chini ya nusu ya gharama. Tangazo lilikuwa na bei ya mtambo tu.

Uniti 2,200 kwa 356.24 ni shilingi 783,728. Milioni 16 zingerudi kwa miaka 20, kama ningetumia kila uniti. Situmii. Ile ya usiku inapotea, na mpango wa wazalishaji wadogo wanaoiuzia gridi unaanzia kilowati 100, kwa hiyo kuuza nimekuondoa kwenye hesabu. Nikijikarimu niseme natumia asilimia 60, ni uniti 1,320, shilingi 470,237. Miaka 34. Toa 250,000 za matengenezo kila mwaka, maana kitu kinachozunguka juu ya mnara kwenye vumbi la Singida kitadai beringi na kukaza waya, kinabaki 220,237. Miaka 72 na ushee.

Sasa ile duara. Mtambo wa milioni 16 unanipa uniti 1,320 zinazotumika. Mikanda na beringi za shilingi 180,000, pamoja na kuwafokea vijana, vimenipa 1,560.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia.

14 Oktoba

Nilidhani nimemaliza. Mgao wa umeme umeingia nchi nzima na msimu bado haujaisha. Juzi tulikuwa na gunia 30 na giza. Ile jenereta ya kona imefufuliwa, inakunywa dizeli kama ngamia aliyetoka safari.

Saa nne usiku nikiwa kitandani nikasikia upepo ukipiga filimbi kwenye waya za nguzo yangu, nikasema kesho nampigia yule wa mabawa matatu. Hesabu za miaka 72 ni za wakati umeme upo. Umeme usipokuwepo, hata uniti moja ina thamani nyingine.

Asubuhi nikampigia, lakini nikauliza swali moja: gridi ikizima, mtambo wako unaendelea? Kwa haki yake, alinijibu ukweli. Inveta ya kuungana na gridi inajizima gridi inapozima, kwa usalama wa mafundi walioko kwenye nguzo. Ili niwe na umeme kwenye mgao nahitaji betri na inveta ya aina nyingine. Na mtambo wa upepo si kama sola. Paneli ukiitenga inakaa kimya juani. Bawa likikosa mzigo linazidisha mwendo mpaka lijivunje, kwa hiyo lazima kuwe na breki na hita za kumwagia umeme usio na pa kwenda. Kila kimoja kina bei yake.

Na baada ya yote hayo, kilowati 3 haziwashi mota ya 15. Hata kuianzisha haziwezi. Ningebaki na friji baridi na gunia 30.

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri mafuta alisikia mazungumzo, akanikumbusha yule kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyeunda kinu chake cha upepo mwaka 2002 kwa vipande vya baiskeli. "Na yeye hakuwa na milioni 16." Kweli kabisa. Alikuwa anawasha balbu na kuchaji redio na simu, na kwa kazi hiyo upepo unatosha. Mimi kazi yangu ni kuponda mbegu.

2 Desemba

Oktoba 5.2, Novemba 4.3. Mvua zimeanza.

Uamuzi: sinunui. Nimeuandika kwa wino.

Fundi wa sola alinipa bei ya kilowati 5 bila betri, milioni 11.5, na makadirio ya uniti 7,500 kwa mwaka. Jua linawaka saa zile zile ninazokamua. Nikitumia asilimia 70 tu ya umeme huo, fedha inarudi kwa miaka sita hivi. Hata hiyo sikuikimbilia. Nataka kuona msimu mmoja mzima wa mikanda mipya kwanza, nijue hasa ninahitaji uniti ngapi, maana ningeipima sola kwa zile 110 ningenunua zaidi ya ninachohitaji.

Nguzo imelazwa. Imechukua dakika kumi na watu watatu. Bawaba ile ndiyo kitu nilichokifanya vizuri kuliko vyote.

9 Machi 2024

Mgao umelegea. Mwezi uliopita mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, umeingizwa kwenye gridi, na huku tumeona tofauti. Jenereta imerudi konani.

Shemeji, yule wa mbuzi, amekuja na maneno mengine. Ana ekari mbili za vitunguu kwenye mwinuko upande wa Kititimo, hakuna miti, hakuna jabali, nguzo ya umeme iko mbali. Anavuta maji ya kisima kwa pampu ya petroli. "Shemeji, ile nguzo yako umeilaza tu?"

Nimewaza njiani kurudi. Kazi ya kuvuta maji haijali saa. Upepo ukivuma saa saba usiku tenki linajaa, na kitunguu kitanyweshwa asubuhi. Ile sehemu ya upepo niliyoitupa kwenye hesabu zangu, kwake haitupwi. Hahitaji inveta wala gridi. Wazee wanakumbuka mapangaboi ya maji yaliyokuwa yakizunguka mkoani humu zamani, yale ya mabawa mengi ya bati, yakivuta maji bila waya hata mmoja. Mengine bado yamesimama na kutu, na yamekufa kwa kukosa vipuri tu, upepo upo.

25 Mei 2024

Nguzo imehamia kwa shemeji kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tumefunga tepe tatu kama kwangu. Ya mita 3 imenyooka. Ya mita 6 imenyooka. Ya mita 9 imenyooka, zote upande mmoja, kama zimepigwa pasi.

Kadi mpya, betri mbili, na nimemwonyesha mtoto wake wa kidato cha pili jinsi ya kukagua taa ya kisanduku kila Jumamosi.

8 Juni 2024

Wiki mbili za kwanza kwa shemeji: 6.9, mita 10. Uani kwangu Juni nzima ya mwaka jana ilikuwa 4.8.

Ameshauliza pampu inauzwa wapi. Nimemwambia asubiri Oktoba. Amenuna.

Kwangu, siku ya kwanza ya msimu: uniti 95.